Wakimbizi wa Njia ya Itebero

Msafiri atokaye Bukavu kwenda Walikale hupita Bunyakiri na Hombo, kisha huingia msituni hata Itebero, katika nchi ya Wakano. Njia ni matope matupu. Imepitwa na watu wengi wenye machozi, nasi twapenda kueleza habari zao, maana wasomaji wengi huijua Goma tu.

Mwezi Machi 1993 vita vya wenyeji vilianza sokoni Ntoto, wilayani Walikale, vikaenea Masisi. Maelfu waliuawa, na watu wapata 250,000 waliacha makwao. Ulimwengu haukushtuka sana. Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda, wapata 800,000, waliingia Goma kwa siku chache, na kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu. Hapo ndipo zilipokuja ndege, na wapiga picha pamoja nazo. Hatulaumu msaada ule, ulikuwa wa lazima. Lakini watu wa Masisi walikuwa jirani kabisa. Ni nani aliyewauliza hali?

Mwisho wa 1996 kambi za Kivu zilivunjwa kwa vita. Mhashamu Christophe Munzihirwa, Askofu Mkuu wa Bukavu, mtetezi wa wakimbizi, aliuawa Oktoba 29. Wakimbizi wengi wakashika njia hii kwa miguu, Hombo, Itebero, Walikale, hata Tingi-Tingi karibu na Lubutu. Wengi walikufa kwa njaa, ugonjwa na risasi. Huko Tingi-Tingi ndege zilitua barabarani na chakula. Aliyekuwa bado njiani alitegemea muhogo na ndizi za wanakijiji, wapende wasipende.

Mwaka 2025 Umoja wa Mataifa ulihesabu watu milioni 21.2 wenye shida katika Kongo, ukapanga kuwasaidia milioni 11 kwa dola bilioni 2.54. Basi karibu nusu waliachwa nje tangu mwanzo. Januari hiyo Marekani, iliyotoa karibu asilimia 70 ya msaada mwaka 2024, ilifunga mfuko wake. Na Machi 19 waasi wa M23 wakaingia mji wa Walikale.

Fedha zikipungua, motokaa huenda kunakofikika kwa urahisi, wala si msituni. Tena mkimbizi wa huku mara nyingi halali kambini, hulala kwa mwenyeji, na mwenyeji haandikwi katika orodha. Chungu cha watu sita hulisha kumi na wanne. Zikiisha akiba, huliwa mbegu, na msimu ukifika shamba ni majani tu.