Njia Ndefu ya Kulifikia Jua

Mwaka 1958 Eugene Parker wa Chuo Kikuu cha Chicago aliandika kwamba Jua huvumisha upepo usiokoma. Wahakiki wawili waliikataa hoja hiyo, lakini mhariri wa jarida, Subrahmanyan Chandrasekhar, akaichapisha. Mwaka huohuo wanasayansi wa Marekani walipendekeza chombo kipelekwe karibu na Jua. Kiliruka tarehe 12 Agosti 2018, kikiitwa kwa jina la Parker. Wengi husema miaka hiyo 60 ilipotea kwa kusubiri ngao ya joto. Hiyo ni nusu ya ukweli. Kilichofungua njia, kwa maoni yangu, ni chombo kunyimwa plutoni.

Mchoro wa mwaka 2005 ulikuwa na ngao ya kaboni tayari. Umeme wake ungetokana na nyuklia ya plutoni. Chombo kingepitia Mshtarii, kisha kishuke hadi kilomita kama milioni 2 juu ya uso wa Jua, mara mbili tu. NASA ikataka chombo kisicho na nyuklia. Wahandisi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins wakageukia paneli za sola na sayari ya Zuhura. Dunia hulizunguka Jua kwa kilomita 30 kwa sekunde, na chombo hurithi mwendo huo; usipopunguzwa, hakishuki. Zuhura ingeupunguza kidogokidogo, kwa mipito 7. Ili paneli zisiungue, hukunjwa nyuma ya ngao zikabaki ncha tu, huku maji yasiyozidi lita 5 yakizunguka ndani yake kuzipoza. Ngao yenyewe ina unene wa sentimita 11.4, na imeundwa kuhimili nyuzi joto 1,400.

Atakayepinga atasema tumepunjwa: ukaribu umekuwa kilomita milioni 6.1, na ncha za Jua hazikupitiwa. Ni kweli, na hasara hiyo si ndogo. Lakini Jua hutulia na kuchafuka kwa mzunguko wa miaka 11 hivi. Kulipima mara mbili ni kudai unaijua bahari bila kukaa kusi na kaskazi. Mpango mpya ulitoa mizunguko 24. Aprili 2021 chombo kiliingia katika taji la Jua, yaani angahewa yake ya nje, kikatoka, kikaingia tena, ishara kwamba mpaka wake umepindapinda. Mipito miwili isingetosha kuona jinsi mpaka huo unavyobadilika. Parker, aliyeshuhudia chombo kikiruka akiwa na miaka 91, alifariki Machi 2022, miezi mitatu baada ya habari hiyo kutangazwa.