Pumzi ya Pikipiki: Tarikhi ya Njia ya Hewa Iingiayo Injini

Lita moja ya petroli, ili iteketee sawasawa ndani ya injini, huhitaji kiasi cha lita 9,000 za hewa. Na kwa kuwa petroli hununuliwa kwa fedha, ilhali hewa hutolewa na Mola bila ya bei, wapandao pikipiki, na hata baadhi ya wazitengenezao, wamezoea kuhesabu kila tone la ile na kuisahau hii. Lakini mtu akiichungua tarikhi ya chombo hiki tangu kilipozuka hadi leo, ataona dhahiri kwamba sehemu kubwa ya nguvu zilizoongezwa kwake, kizazi baada ya kizazi, ilipatikana kwa kuitengenezea hewa njia yake: mdomo inapoingilia, urefu wa bomba inamopita, upana wa koo lake, na kasha inamotulia kabla ya kufika kwenye kabureta.

Mwanzo wa habari hii ni Cannstatt, karibu na Stuttgart, katika nchi ya Ujerumani, ambako mwaka 1885 Gottlieb Daimler na mwenziwe Wilhelm Maybach walitia injini ya silinda moja, yenye santimita 264 za ujazo, katika kiunzi cha mbao chenye magurudumu mawili makubwa, pamoja na mawili madogo ya kukizuia kisipinduke. Nguvu yake ilikuwa kama nusu ya farasi mmoja, na mzunguko wake kiasi cha mara 600 kwa dakika. Hewa ilipitishwa katika petroli iliyokuwa chomboni, ikachukua mvuke wake, kisha ikaenda kwenye valvu ambayo haikuwa na kitu cha kuisukuma: ilishikwa na springi dhaifu tu, na pistoni iliposhuka, mvuto wake wenyewe ndio ulioifungua. Kwa injini ivutayo pumzi mara tano kwa sekunde, mpango huo ulitosha. Ila injini zilipoanza kwenda mbio, springi ile haikuweza kufuatana na pistoni. Valvu ikachelewa kufunguka, ikatetemeka, na silinda ikabaki nusu tupu. Kwa hiyo, katika miaka ya kwanza ya karne ya 20, watengenezaji waliiacha taratibu kawaida hiyo, wakaifungua valvu ya kuingizia hewa kwa nguvu za kemu, yaani nundu izungushwayo na injini yenyewe, kama ilivyokuwa ikifunguliwa tangu zamani valvu ya kutolea moshi.

Mlango ulipokwisha kupata bawabu wa kuaminika, ndipo ilipobainika kuwa hewa, ambayo watu huidhania kuwa si kitu, ina uzito na ina ukaidi. Ikisimama haipendi kuondoka, na ikiondoka haipendi kusimama. Mfano wake ni umati uingiao feri pale Likoni, Mombasa, ambapo mlinzi akiinua mkono kufunga njia, walio nyuma wangali wakiwasukuma walio mbele, na kadhaa huingia baada ya amri ya kusimama. Wahandisi walijifunza kuitumia tabia hii: badala ya kuifunga valvu pale pistoni ifikapo mwisho wa mteremko wake, waliiacha wazi kitambo zaidi, na hewa iliyokwisha kushika kasi ndani ya bomba ikazidi kujisukuma silindani hata pale pistoni ilipokwisha anza kupanda.

Fauka ya hayo, iligunduliwa kwamba ndani ya bomba hilo mna mawimbi. Pistoni ivutapo, hutoka valvuni wimbi la upungufu wa hewa, likaenda kwa mwendo wa sauti mpaka mdomoni mwa bomba. Na lifikapo kwenye hewa huru hugeuka, likarudi likiwa wimbi la msongo. Mwendo wa sauti ni kiasi cha mita 340 kwa sekunde, kwa hivyo katika bomba la santimita 30 safari ya kwenda na kurudi huchukua muda usiofika sehemu mbili za elfu za sekunde. Wimbi likifika kabla valvu haijafungwa, husukuma ndani hewa ya ziada. Likichelewa, hukuta mlango umefungwa na faida yake hupotea. Ndiyo sababu bomba refu hufaa mwendo wa polepole, na fupi hufaa mwendo wa kasi, wala hakuna urefu mmoja ufaao kwa kila mwendo. Hata ukingo wa mdomo wenyewe una hukumu yake: ukiachwa mkali kama ulivyokatwa kwa msumeno, hewa hujikunja hapo na kuziba sehemu ya njia; ukiviringwa kama mdomo wa tarumbeta, upana ule ule wa bomba hupitisha hewa nyingi zaidi.

Madrasa ya maarifa haya yalikuwa viwanja vya mashindano, na mashuhuri kuliko vyote ni kile cha kisiwa cha Isle of Man, ambacho mbio zake zilianza mwaka 1907. Hapo ndipo Joe Craig, aliyesimamia pikipiki za mashindano za Norton zilizotengenezwa Birmingham, alipojipatia sifa ya kuichukua injini ile ile ya silinda moja na kuiongezea nguvu mwaka hata mwaka, kwa kujaribu na kupima, akibadili mapito ya hewa na ya moshi kidogo kidogo. Katika zama hizo hizo Harry Weslake, Mwingereza aliyeanza kazi yake kwa kabureta za pikipiki, alikuwa akipitisha hewa katika vichwa vya injini na kuipima, ili ajue ni pembe gani iizuiayo na ni mviringo upi uipao wepesi. Kazi iliyokuwa ya kukisia kwa jicho na kidole ikaanza kuwa elimu ya vipimo.

Kulikuwa na wengine waliosema kwamba hakuna haja ya kuibembeleza hewa ikiwa inawezekana kuilazimisha. Hao walifunga kompresa iliyozungushwa na injini yenyewe, ikaishindilia hewa silindani kupita kadiri ya mgandamizo wa kawaida. Matokeo yake yalikuwa makubwa: mwaka 1939 Mjerumani Georg Meier, juu ya BMW yenye kompresa, alishinda shindano kuu la Isle of Man, jambo lililowashtua Waingereza katika uwanja walioudhania kuwa ni milki yao. Lakini baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1946, wakuu wa mashindano waliipiga marufuku kompresa, na marufuku hayo yakawakuta wengine wakiwa njiani. AJS, watengenezaji wa Kiingereza, walikuwa wameibuni pikipiki ambayo silinda zake mbili zililazwa karibu bapa, muradi wake ukiwa ni kupata nafasi ya kompresa na kupozwa vizuri na upepo. Walipolazimika kuiondoa kompresa, walibaki na mapito ya hewa yaliyobuniwa kwa kusukumiwa, yakitakiwa sasa kuvuta yenyewe, na pikipiki hiyo ikasumbuliwa muda mrefu na kabureta zake. Hata hivyo ndiyo iliyompa mpandaji wao, Les Graham, ubingwa wa kwanza wa dunia katika daraja la 500, mwaka 1949.

Marufuku yale, ambayo yalionekana kuwa ni hasara, yaligeuka kuwa rehema kwa elimu; maana wahandisi walionyang'anywa nguvu za kulazimisha walirejea kwenye hila na subira. Mjini Zschopau, upande wa Ujerumani ya Mashariki, katika karakana ya MZ iliyokuwa na uhaba wa mali na vifaa, Walter Kaaden alizishughulikia injini za mapigo mawili, zile zinywazo petroli iliyochanganywa na oili. Katika injini za namna hiyo, kwa desturi, pistoni yenyewe ndiyo iliyofungua na kufunga tundu la kuingizia hewa, na kwa kuwa hupanda na kushuka kwa njia moja, tundu lililofunguliwa mapema lilikuwa halina budi kufungwa kwa kuchelewa, na sehemu ya hewa iliyokwisha ingia ikarudishwa nje. Dawa, iliyofanyiwa kazi na Daniel Zimmermann kabla ya Kaaden, ilikuwa kisahani chembamba cha chuma kilichokatwa upande mmoja, kikizunguka pamoja na krenki mbele ya tundu, hata likafunguka na kufungika kwa wakati autakao mhandisi. Kaaden akaiunganisha hila hiyo na bomba la moshi lililopimwa kwa mawimbi, na kufikia mwaka 1961 injini yake ya santimita 125 ilitoa nguvu za farasi 25, yaani 200 kwa kila lita, bila ya kompresa. Mwaka huo huo mpanda pikipiki wake, Ernst Degner, aliitoroka nchi yake wakati wa mashindano ya Sweden. Maarifa ya Zschopau yakahamia naye Suzuki, huko Japani, na mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia wa daraja la 50 kwa chombo cha Kijapani.

Honda, kwa upande wao, walishika njia ya injini za mapigo manne, wakaigawa pumzi katika vifua vingi vidogo. Pikipiki yao ya santimita 250 aliyoipanda Mike Hailwood mwaka 1966 ilikuwa na silinda sita, kila moja na kabureta yake na valvu zake nne, ikizunguka mara 18,000 kwa dakika. Kila silinda ilivuta pumzi mara 150 kwa sekunde, ilhali ile ya Daimler ilivuta mara tano. Na bomba la hewa lililofaa pumzi za haraka kiasi hicho lilikuwa fupi mno.

Wakati haya yakitendeka viwanjani, pikipiki za barabarani ziliendelea kuvuta hewa kutoka mahali popote palipobaki. Kasha la kichujio lilisokomezwa chini ya kiti, nyuma ya injini yenye moto, na kazi yake ilihesabiwa kuwa ni kuzuia vumbi na kupunguza mngurumo. Heshima yake ilianza kupanda mwaka 1985, Yamaha walipotoa FZ750, ambayo silinda zake ziliinamishwa mbele kwa nyuzi 45, kabureta zikasimama juu yake, na kasha la hewa likachukua mahali palipokuwa pa tangi la petroli, ili hewa iteremke moja kwa moja valvuni pasipo na kona. Miaka mitano baadaye, mwaka 1990, Kawasaki waliitoa ZZ-R1100, yenye mdomo chini ya taa ya mbele uliopokea upepo wa mwendo na kuupeleka kwa bomba hadi ndani ya kasha lililozibwa barabara.

Hapa inafaa tupige hesabu, kwani jambo hili limetiwa chumvi nyingi na wauzaji. Upepo wa mwendo, pikipiki ikienda kilomita 100 kwa saa, hauongezi hata nusu ya sehemu moja katika mia ya mgandamizo wa hewa. Kwa kilomita 200 huongeza kama sehemu mbili. Na kwa kilomita 300, mwendo ambao ni wachache wauonao, kama sehemu nne. Faida iliyo kubwa zaidi, na ambayo haisubiri mwendo wa wazimu, ni ubaridi: kila nyuzi tatu za joto zinazopungua huifanya hewa kuwa nzito kwa kiasi cha sehemu moja katika mia, basi hewa iliyochukuliwa mbele ya chombo badala ya nyuma ya injini, ikiwa baridi kwa nyuzi 15, hutoa faida ya sehemu tano hata mtu akienda polepole. Faida nyingine ni utulivu wa kasha pana, ambamo silinda hukuta akiba iliyotulia kila inapovuta. Na hata upepo huo mdogo una masharti: kwenye chombo cha kabureta, chemba ya petroli sharti ipewe mgandamizo ule ule wa kasha, la sivyo hewa huikandamiza petroli isipande, na injini hukosa chakula pale pale ilipoongezewa pumzi.

Kwetu Afrika ya Mashariki hesabu hii ina sura nyingine. Anayetoka Mombasa, usawa wa bahari, akafika Nairobi, kiasi cha mita 1,700 juu, amepoteza karibu sehemu 18 katika mia za mgandamizo wa hewa, na hakuna mdomo wa mbele utakaomrudishia. Lakini adui mkubwa wa bodaboda ni vumbi la barabara zisizo na lami. Nyingi za pikipiki hizi zina injini zilizoigizwa kutokana na Honda CG125, iliyobuniwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambazo matunzo ya vyombo ni haba. Nazo huvuta hewa kupitia sponji iliyolowekwa oili, ndani ya kasha dogo chini ya kiti. Sponji hiyo ikikauka au ikachanika, vumbi huingia na kuusaga ukuta wa silinda, na pistoni huanza kupitisha oili. Hata hivyo wapo mafundi ambao, mteja akilalamika kuwa chombo hakina nguvu, huling'oa kasha zima au kulitoboa matundu, wakidhani wameifungua pumzi yake. Mngurumo huzidi, na wenye chombo hufurahi. Lakini petroli haikuongezwa kulingana na hewa, injini huchemka, urefu wa njia uliopimwa na aliyeibuni umeharibiwa, na mlango wa vumbi umeachwa wazi.

Tangu Cannstatt hadi leo, injini imenufaika na njia iliyo nyoofu, baridi, safi na iliyopimwa kwa mwendo wake. Hata kompresa, ambayo Kawasaki waliitia mwaka 2015 katika pikipiki yao ya barabarani ya H2, haifai kitu pasipo njia ya namna hiyo. Basi fundi anayetaka kumtendea mteja wake hisani, aifue ile sponji kwa mafuta ya taa, aikamue bila ya kuisokota, ailowanishe oili safi, aangalie mpira wa kabureta usiwe na ufa, kisha alifunge kasha kama alivyolikuta.