Tulimcheka Rasta na dona lake, leo mabosi wanalitafuta

Kuna jamaa yuko mtaani kwetu hapa Ipagala, jina sitaji, kila mtu anamwita Rasta tu. Dredi mpaka kiunoni, nyama hali, chumvi hali. Zamani mashineni tulikuwa tunapanga foleni na ndoo za mahindi, wote tunakoboa kwanza ndiyo tunasaga. Yeye anamwambia mwenye mashine, "Usikoboe, nipigie dona." Basi kicheko. "Rasta unakula msosi wa jela!" Mimi nilikuwa wa kwanza kucheka, tusidanganyane.

Ngoja tuanzie mbali kidogo. Urasta ulianza Jamaika baada ya Haile Selassie kutawazwa Ethiopia tarehe 2 Novemba 1930. Wale watu walikuwa na ugomvi na mfumo wote wa mkoloni, na ugomvi ukafika mpaka kwenye sufuria. Chakula chao wanakiita ital: kitoke shambani, siyo kwenye kopo. Miaka ya 1960 na 1970 mahipi wa Marekani nao wakaukataa mkate mweupe wa kiwandani, wakaoka wa ngano isiyokobolewa. Wakachekwa vilevile. Leo mkate wa brauni unauzwa supamaketi, mpaka hapa Dodoma.

Bongo weupe wa unga ulikuwa heshima. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilitaifisha vinu vikubwa, mwaka 1968 likaja Shirika la Usagishaji la Taifa, na sembe ikawa chakula cha mjini. Serikali ilikuwa inaitolea ruzuku mpaka 1984. Dona likabaki la kijijini, la bweni na la jela. Ukimpikia mgeni dona, umemdharau.

Kumbe ukikoboa unatoa ganda na kiini, na humo ndimo kwenye nyuzinyuzi, vitamini B na madini ya chuma. Pumba zinaenda kwa kuku. Yaani kuku wetu walikuwa wanakula vizuri kuliko sisi! Halafu mwaka 2011 zikatoka kanuni za kuwataka wenye viwanda waongeze virutubishi kwenye unga. Tunavitoa, tunavirudisha.

Na kwa huku kwetu hata dona ni mgeni. Wazee wa Kigogo walikula ugali wa uwele na mtama kwa mlenda, kwa sababu mvua ni chache na mahindi yanakata tamaa mapema. Bibi yangu anasema walianza kununua sembe ili wasionekane washamba. Mwaka 2016 serikali ikaanza kuhamia kweli, wakaja watu wa maofisini, na sasa mlenda unaagizwa mgahawani na watu wenye vitambulisho shingoni. Umoja wa Mataifa nao ukaufanya 2023 kuwa mwaka wa nafaka ndogondogo kama uwele. Juzi nilimwonyesha bibi pakiti ya unga wa uwele na bei yake. Aliigeuza mara mbili, akaniuliza kama ndani kuna nyama.

Sisemi Marasta peke yao ndiyo waliotubadilisha. Sukari na presha ndizo zilizotutisha zaidi. Lakini wao walikuwa wanakula hivyo wakati bado inachekesha.

Kwetu ilikuwa mama. Alipopimwa sukari, nesi akamwambia apunguze ugali, na huo kidogo uwe wa dona au mtama. Nilikaa na ndoo uani, sijui pa kuanzia, nikaenda kumgongea Rasta. Hakunicheka. Alimwaga mahindi kwenye ungo, akaanza kunionyesha: lililooza toa, lenye ukungu toa, lisilokauka vizuri usisage. Dona halikobolewi, kwa hiyo uchafu wote unaula. Si utani huo. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu hapa Dodoma na Manyara. Na usisage la mwezi mzima, kiini kina mafuta, unga unachacha.

Mama mwanzoni alilia, eti amerudishwa shule ya bweni. Sasa hivi sembe akipewa ugenini anaonja tu.

Jumamosi nilimkuta Rasta mashineni, wa saba kwenye foleni. Foleni ya dona.

Wewe kwenu mnasaga nini? Tiririka hapo chini.