Jembe la shuleni katika nchi ya shaba

Mwaka 1929 serikali ya Wabelgiji ilitoa mpango wa masomo kwa shule za misheni nchini Kongo. Kilimo kiliwekwa humo kuwa kazi ya lazima: mtoto wa kijijini asome, ahesabu, kisha ashike jembe. Tangu 1917 wazazi wa watoto hao walikuwa wakilimishwa kwa amri, na asiyelima alitozwa faini au kufungwa. Jembe la shuleni likaingia darasani likiwa limeshabeba sura ya adhabu.

Kolwezi, katika ukanda wa shaba wa Kongo, ilikuwa na historia ya pekee. Mji huo, uliojengwa na kampuni ya madini ya Union Minière kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930, ulilishwa na kampuni. Mfanyakazi alipewa posho, unga wa mahindi ukiwa wa kwanza. Watoto wake walisomeshwa na kampuni hiyohiyo. Kampuni ya serikali iliyokuja kuitwa Gécamines ikaurithi utaratibu huo mwaka 1967. Mgodi wake wa Kamoto ulipoporomoka Septemba 1990, posho na mishahara vikayumba, na familia nyingi zikategemea matuta ya kando ya nyumba: mahindi, matembele, lengalenga.

Tatizo ni udongo wenyewe. Katika ukanda huu huota mmea mdogo uitwao Haumaniastrum katangense, unaostahimili shaba ambayo ingeua mahindi. Wanaakiolojia wameufuata hadi kwenye tanuri za kale za kuyeyushia shaba. Katika mtaa wa Kasulo mjini Kolwezi, ambako kobalti ilianza kuchimbwa ndani ya viwanja vya watu mwaka 2014, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kobalti nyingi kwenye mkojo wa wakazi, hasa watoto, na vumbi likatajwa kuwa njia kuu. Vumbi hilo hutua pia juu ya majani ya lengalenga.

Kwa hiyo bustani ya shule ya Kolwezi haianzi na mbegu. Udongo upimwe kwanza. Ukiwa na shaba nyingi, tuta linyanyuliwe kwa udongo ulioletwa kutoka mahali safi; penye shaba kiasi, chokaa na mboji hupunguza kile ambacho mizizi hufyonza. Majani yaoshwe kwa maji safi kabla ya kupikwa. Mwanafunzi ajue sababu ya kila hatua, na mavuno yaliwe na aliyeyamwagilia, yasiishie jikoni kwa mwalimu.

Wakuu wa shule za Kolwezi na mkoa wake wa Lualaba, Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha kilimo kinachoufahamu udongo huu. Kabla ya mvua za Novemba, waulizeni.