Kiwewe na Hatia katika Riwaya za Picha kuhusu Rwanda ya 1994

Maradhi ya nafsi yaliingia katika riwaya ya picha kwa njia ya ungamo. Mwaka 1972, Mmarekani Justin Green alichora katika Binky Brown Meets the Holy Virgin Mary mawazo yasiyozuilika yaliyomtesa tangu ujanani. Art Spiegelman amekiri kwamba bila kazi hiyo, Maus isingekuwapo. Katika juzuu la pili la Maus (1991), Spiegelman anajichora mezani pake pa kazi, chini yake pakiwa na rundo la maiti: mtoto wa manusura wa Auschwitz amerithi majonzi ya maafa asiyoyashuhudia.

Rwanda iliingia katika mapokeo hayo kupitia Deogratias (2000) ya Mbelgiji Jean-Philippe Stassen. Mhusika mkuu ni kijana Mhutu anayezurura na matambara baada ya mauaji ya kimbari, akitafuta urwagwa ili asikumbuke. Usiku hujiona akigeuka mbwa. Taswira hiyo ina mizizi katika historia, kwani mwaka 1994 mbwa walikula maiti zilizoachwa bila kuzikwa. Msomaji humhurumia kwanza kama mgonjwa. Baadaye ndipo anapobaini kwamba kijana huyo alikuwa upande wa wauaji, na kwamba mabinti wa Kitutsi aliowapenda wameuawa.

Hapa pana tatizo. Anayepewa nafsi yenye kina katika riwaya hiyo ni mshiriki wa uhalifu, na wazimu wake unasomeka kama adhabu. Rupert Bazambanza, Mnyarwanda aliyenusurika, anageuza mtazamo katika Sourire malgré tout (2004): anasimulia familia ya majirani zake, ambamo mama alibaki hai huku mume na watoto wakiuawa. Maumivu yake hayana hatia yoyote nyuma yake.

Kinyarwanda kina neno ihahamuka kwa hali ya manusura wanaorejewa na maafa hata pumzi kuwakatika. Kiswahili hutumia kiwewe kwa wote. Wanaokusudia kutumia riwaya hizi katika elimu ya afya ya akili hawana budi kutenganisha kiwewe cha aliyetendewa na mateso ya aliyetenda. Wote wawili wanastahili tiba. Lakini wakichanganywa, manusura atatazamwa kana kwamba ugonjwa wake ni ushahidi wa kosa.