Owino Uhuru: Udongo wenye sumu ya risasi husafishwaje?

Owino Uhuru ni mtaa wa Jomvu, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilifanya kazi ukuta kwa ukuta na nyumba za watu hadi kikafungwa mwaka 2014. Moshi ulikoma. Risasi iliyokwisha kuanguka ilibaki.

Risasi, yale madini mazito yaliyomo ndani ya betri, haiozi. Ikitua chini hushikamana na udongo wa juu na kukaa hapo vizazi na vizazi. Watoto ndio huumia zaidi, maana huchezea mchanga kisha wakatia vidole mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na madhara yake kwa ubongo unaokua huweza kuwa ya kudumu.

Njia ya uhakika ya kusafisha ni kuparura udongo wa juu, kwenda kuuzika mahali palipotengwa pasipovuja, kisha kumwaga udongo safi. Iliyo rahisi ni kufunika kwa zege, au kuchanganya fosfeti ili risasi isiyeyuke upesi. Lakini kufunika si kuondoa: siku fundi atakapochimba msingi au shimo la choo, sumu itarudi juu. Udongo hunyunyizwa maji wakati wa kuchimba, vumbi lisihamie kwa jirani. Na ndani ya nyumba sakafu hupigwa deki. Kufagia kukavu huirusha tu.

Utaratibu una uzito wake. Huko Zamfara, Nigeria, mwaka 2010 mamia ya watoto walikufa baada ya mawe ya dhahabu yenye risasi kusagwa majumbani. Katika kijiji cha Bagega, matibabu ya watoto yalisubiri hadi udongo uliposafishwa mwaka 2013, kwani mtoto aliyetibiwa akirudi kwenye ua ule ule hunywa sumu upya.

Kwetu, Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamua kesi iliyofunguliwa na Phyllis Omido pamoja na wakazi: fidia ya shilingi bilioni 1.3, na mazingira yasafishwe, la sivyo zilipwe milioni 700 za kazi hiyo. Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia mwaka 2023; Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Bilioni 1.3 ndiyo iliyojaa kwenye vichwa vya habari. Kwa maoni yangu, hizo milioni 700 ndizo za kufuatiliwa kwanza. Mwenye fidia mkononi anaweza kuhama, lakini chumba atakachokiacha kitapangishwa mtu mwingine, naye ana watoto.