Kashata na Haraka ya Sukari

Watu wengi huihesabu kashata kuwa kitu cha watoto, au cha wazee wa barazani wanaotaka kuvunja uchungu wa kahawa. Hakuna anayeiandikia habari. Mwandishi wa historia huandika habari za karafuu, pembe na mkonge, na akifika kwenye kashata huila tu, akaendelea na safari yake. Mimi nimeila tangu utotoni, na kadiri nilivyosoma historia ya pwani yetu ndivyo nilivyoona kwamba kipande kile kidogo kina mambo ambayo hatupendi sana kuyataja.

Kwanza nieleze inavyopikwa, kwa sababu hoja yangu imo ndani ya sufuria.

Huchukuliwa karanga kikombe kimoja na nusu, sukari kikombe kimoja, iliki punje nne au tano zilizotwangwa, na chumvi kidogo sana. Karanga hukaangwa kwanza. Kwetu zilikaangwa kwa mchanga safi uliopashwa moto chunguni, maana mchanga hueneza joto sawasawa na karanga haziungui upande mmoja. Zikipoa hufikichwa kwa viganja, zikapepetwa kwa ungo mpaka maganda mekundu yapeperuke. Kazi hiyo haina haraka. Unaweza kuifanya huku unazungumza na jirani, ukaiacha, ukairudia baada ya adhuhuri.

Kisha inakuja sukari, na hapo mazungumzo hukoma. Sukari kavu hutiwa kwenye sufuria nzito juu ya moto wa makaa, bila maji. Kwa dakika kadhaa huoni kitu. Halafu huanza kulowa pembeni, ikafanya mabonge, mabonge yakayeyuka, na rangi ikageuka: manjano, kisha rangi ya asali, kisha rangi ya chai kavu. Hapo joto lake limepita nyuzi 160, na tone likikurukia mkononi hubaki na ngozi. Baina ya rangi ya asali na uchungu wa kuungua hapafiki dakika moja. Ndani ya dakika hiyo utie karanga na iliki, ukoroge, umimine juu ya ubao uliopakwa mafuta, usawazishe kwa chupa, na ukate kwa kisu ingali moto. Ukiwahi kuipua, itanata menoni. Ukichelewa kukata, kisu hakiingii, kashata huvunjika vipande visivyolingana, na mnunuzi hakubali kulipa bei moja kwa kipande kikubwa na kidogo. Marehemu bibi yangu, aliyepika kashata za kuuza kwa miaka mingi, alitufukuza jikoni ilipofika saa hiyo. “Ondokeni, wajukuu zangu,” alikuwa akisema, “sukari hainisubiri.”

Wenzetu wa Marekani na Kanada wana yao iliyo jamaa na hii. Hupanga biskuti za chumvi kwenye sinia la kuokea, wakachemsha siagi na sukari, wakamimina juu yake na kutia jikoni, na mwisho wakapaka chokoleti. Nimewahi kuionja, na si mbaya. Chumvi ya biskuti hufanya kazi ile ile ifanywayo na chumvi kidogo ya kashata. Lakini huko nako mpishi husimama juu ya sufuria asibanduke. Sukari ni ile ile.

Sasa karanga. Si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini, nayo ililetwa Afrika baada ya Wareno kuanza kuvuka bahari ya Atlantiki katika karne ya 16. Kabla yake wazee wetu walikuwa na njugu mawe, ambayo ni ya Afrika hasa, mviringo na ngumu, ya kuchemshwa. Mgeni alipofika alipewa jina la mwenyeji, akaitwa njugu nyasa, na leo ukitaja njugu mjini Mombasa utaletewa mgeni, si mwenyeji. Jambo hilo hutokea pia kwa watu.

Karanga ilizoea ardhi yetu, ikapandwa na wanawake katika vishamba vidogo pamoja na mahindi, na hakuna aliyeiona kuwa jambo la serikali mpaka 1946. Mwaka huo Waingereza, waliotoka vitani wakiwa hawana mafuta ya kula ya kutosha, walifikiri kulima karanga Tanganyika kwenye ekari zaidi ya milioni tatu. Kazi ilianza Kongwa 1947, kisha Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matrekta, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Mibuyu na vichaka vikawashinda. Mvua ikakosekana, na udongo wa Kongwa, ambao ni wa mfinyanzi, ulipokauka uligeuka kama saruji, karanga zikang’ang’ania chini zisitoke. Kilichovunwa mwanzoni kilikuwa kidogo kuliko mbegu zilizonunuliwa. Mradi ulifutwa mwanzoni mwa 1951, na pauni kama milioni 36 zilikuwa zimekwisha. Kule Uingereza mgao wa siagi na mafuta uliendelea hadi 1954. Husimuliwa kama kichekesho, na mimi pia hucheka. Lakini bibi kizee wa Ugogo angeweza kuwaambia habari za ule udongo bila malipo, kama wangemuuliza.

Karanga, basi, ilitupa aibu ya wengine. Aibu ya sukari iko karibu zaidi na nyumbani.

Muwa ni mkongwe pwani. Vasco da Gama alipofika Mombasa mwezi wa Aprili 1498, mfalme wa mji alimpelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Neno sukari tumelipata kwa Waarabu, nao waliliokota kutoka Bara Hindi, ambako watu walijua zamani kugandisha maji ya miwa. Lakini miwa ya kutafuna si sawa na miwa ya biashara. Katika karne ya 19 mabwana shamba wa Pangani walianza kulima miwa kwa wingi kandokando ya mto, wakaikamua na kuchemsha maji yake, wakauza sukari guru na asali ya miwa Unguja na Uarabuni. Waliofanya kazi hiyo walikuwa watumwa.

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji waikumbuke ile sufuria. Muwa ukishakatwa hauwekwi. Maji yake huanza kuchacha, na sukari hupungua kila saa inayopita. Kwa hiyo ukataji, ukamuaji na uchemshaji lazima vifuatane mbio, na msimu ukifika watu hufanya kazi mchana, na moto ukawaka hadi usiku. Mnazi unaweza kungoja. Mtama uliokauka unaweza kungoja. Katika mashamba mengi ya pwani mtumwa alikuwa na kishamba chake mwenyewe na siku zake za kukilima, kwa kawaida Alhamisi na Ijumaa, na desturi hiyo ilimpa nafasi ndogo ya kuwa mtu. Sisemi kwamba ulikuwa utumwa mwema. Sijui kitu hicho. Lakini ilikuwa desturi, na bwana aliyeivunja alionekana kuwa amevuka mpaka. Miwa iliwafanya mabwana wa Pangani wavuke. Walitaka siku zote, na walitaka usiku pia.

Watumwa walijibu. Katika miaka ya 1870 waliasi, wakatoka mashambani kwa wingi, wakajijengea makazi yao yenye boma bara ya Pangani, na mabwana zao hawakuweza kuwarudisha. Zingatia wakati wenyewe: mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Vitabu vingi husimulia mkataba huo kwa kirefu, pamoja na manowari zake na balozi wake. Wale waliotoka mashambani kwa miguu yao hutajwa kwa sentensi mbili, pengine hata moja.

Na mmoja wa wenye mashamba ya miwa huko Pangani alikuwa Abushiri bin Salim al-Harthi.

Kila aliyesoma shule Tanzania analijua jina hilo. Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ilipojaribu kushika miji ya Mrima na kupandisha bendera yake, watu wa Pangani walikataa, na Abushiri akawa kiongozi mkubwa wa vita vile pamoja na Bwana Heri wa Saadani. Wissmann aliletwa na askari wa kukodiwa, na Abushiri akakamatwa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Hemedi bin Abdallah wa ukoo wa Buhriy alivitungia vita hivyo utenzi. Darasani tulimchora Abushiri akiwa na jambia, na tulijibu mtihani kwamba alipigania uhuru. Sikumbuki kuulizwa ni nani aliyemkatia miwa yake.

Nilipolitaja jambo hili mbele ya rafiki yangu mmoja, mwalimu mwenzangu mstaafu, alikasirika. Alisema wakoloni ndio waliotuletea hadithi za utumwa wa Waarabu ili wafiche ukatili wao, na kwamba mimi nawasaidia kazi. Ana haki kwa sehemu. Wajerumani walitangaza vita vile kuwa vya kukomesha utumwa, kisha walipoitawala nchi hawakuufuta. Mwaka 1904 walitoa amri kwamba watoto watakaozaliwa baada ya 1905 wawe huru, wakawaacha wazazi wao walipo. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika 1922, chini ya Waingereza. Kwa hiyo sina la kuwasifu. Hata hivyo siwezi kukubali kwamba kwa kuwa Mjerumani alisema uongo, basi waliochemsha miwa usiku hawakuwepo. Katika umati uliowakataa Wajerumani pale Pangani 1888 walikuwamo wapagazi, watu kutoka bara, na watumwa pia. Walikuwa na sababu zao, na si lazima sababu zao ziwe zile za Abushiri. Nchi ikiwa na shujaa mmoja tu kwa vita vya watu maelfu, huenda imewasahau wengi. Rafiki yangu hajabadili mawazo, wala mimi. Lakini bado tunakunywa kahawa pamoja.

Baada ya vita miwa ya Pangani ilififia. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida, 1,000 ikasafirishwa na 62 ikafika hai, ikapandwa hapo hapo karibu na Pangani, na tangu hapo mkoa ule ukawa wa mkonge. Sukari ilihamia bara: Arusha Chini katika miaka ya 1930, Kilombero katika miaka ya 1960. Viwanda vikaingia mikononi mwa taifa, nasi tukaamini kwamba sasa sukari ni yetu.

Kisha ikaadimika. Wenye umri wangu hawahitaji kusimuliwa habari za 1982 na 1983: foleni, kadi, duka lisilo na kitu ila chumvi na mafagio, na kilo moja ya sukari ikigawanywa kwa vijiko baina ya nyumba tatu. Machi 1983 ulianza msako wa walanguzi, na zilisikika habari za watu waliotupa bidhaa zao usiku kwa hofu. Mpika kashata akiwa na kilo tano za sukari ndani, je, alikuwa mlanguzi? Bibi yangu hakungoja jibu. Alirudia sukari guru, iliyopikwa na wakulima na kuja imefungwa kwa majani makavu. Aliiponda kwa mchi, akaiyeyusha kwa maji kidogo, akakaa nayo muda mrefu zaidi, maana ina maji na uchafu, na mara nyingi haikauki ikakatika vizuri. Kashata zake za miaka ile zilikuwa nyeusi, laini kidogo, zenye ladha ya moshi. Kwa ladha, bila ya kujua mwenyewe, alikuwa amerudi karibu kabisa na kile kilichotoka katika masufuria ya Pangani miaka mia moja kabla yake.

Kuanzia 1984 biashara ililegezwa, sukari nyeupe ikarudi, na wateja wakadai kashata za rangi ya asali kama zamani. Alizipika. Lakini wazee wawili watatu wa barazani waliendelea kuagiza zile nyeusi kwa siri, naye aliwawekea pembeni ya sinia, chini ya karatasi, kwa bei ya juu kidogo.